Kikulacho Kilikuwa Nguoni

Kama unasoma haya huku unajikuna, acha kwanza. Najua huwezi. Na mimi niliambiwa hivyohivyo na watu wenye ngozi nzima, nikatamani kuwazaba vibao. Lakini jaribu kuuweka mkono juu ya goti usome hadi mwisho, maana nakuandikia wewe hasa, wewe unayefunga kola hadi kidevuni katika jua hili la Kahama halafu unasema una mafua.

Naitwa Milembe. Mtaani kwetu Nyahanga wananiita Mama Kabula, kwa jina la binti yangu wa kwanza. Ni fundi cherehani, na kazi hii nilifundishwa na shangazi yangu kabla sijaolewa. Sikuugua ugonjwa wa kuua haraka. Niliugua ngozi. Anayedhani ngozi ni jambo dogo, hajawahi kukaa kwenye benchi la hospitali akaona mwenzake anasogea pembeni kidogo, kwa adabu, ili nguo zao zisigusane.

Ugonjwa ulinianza msimu wa pamba. Huku kwetu pamba ikishanunuliwa watu wanaoana, na mwaka ule harusi zilifuatana, kila moja na sare yake. Akina mama wa mtaa walichagua kitenge cha kung'aa, bluu iliyokolea, na bitana nyeusi ya kuteleza kwa ndani. Mwenye kauli katika mambo ya sare alikuwa mama mmoja nitakayemwita Mama Yusufu, ingawa jina lake silo. Ndiye aliyeyaleta majora kibandani kwangu, yakapangwa hadi darini. Nilipoyaona nilifurahi sana. Nikaingiza uso kwenye jora la kwanza nikavuta ile harufu ya upya, kama nilivyozoea.

Na hapa lazima nieleze, kwa sababu wageni hutushangaa. Kwetu nguo mpya haifuliwi kabla ya kuvaliwa. Ukiifua, nani atajua kuwa ni mpya? Inatakiwa ikakamae, iseme chwa chwa unapotembea kuelekea meza kuu, na ikiwezekana kile kikaratasi cha kiwandani kibaki mahali watu watakapokiona. Nami nilijishonea gauni kwa vipande vilivyobaki, nikalivaa siku nzima nikicheza, jasho likinitiririka, hadi bitana ikagandana na mgongo.

Dalili ya kwanza ilikuwa kope. Nilikuwa napiga pasi ya mkaa, mvuke ukapanda kutoka kwenye kitambaa, macho yakaniwasha kama nimekata vitunguu. Kesho yake kope zilikuwa zimevimba. Baada ya hapo ikaja shingo, ikaja makwapa, ikaja mikunjo ya viwiko na mapaja kwa ndani. Kwanza wekundu, halafu malengelenge madogo, halafu maji. Asubuhi shuka lilikuwa linanishika, na kujibandua nalo nilikuwa nalia. Ngozi ilipokauka ikawa inabanduka, na chini yake mabaka, mengine meusi, mengine yamepauka.

Hayo yaliyopauka ndiyo yaliyoniponza. Mtu akionekana na baka jeupe shingoni mtaani kwetu, swali huwa ni moja tu. Mama Yusufu alikuja kuchukua sare yake, akanitazama, akasema kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara:

"Mama Kabula, huo mkorogo utakuua. Mumeo alikuoa mweusi na hakulalamika. Huo weupe unamtafutia nani?"

Wanawake waliokuwa wakisubiri wakacheka. Nami nikacheka, maana mteja ni mteja. Lakini lile swali lilisafiri. Mume wangu Masanja alikuwa Nyarugusu, kwenye maduara ya dhahabu, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, na maneno ya Kahama hufika huko upesi kuliko basi. Akanipigia simu.

"Nasikia unajichubua."

"Nani kasema?"

"Sijakuuliza nani kasema. Nakuuliza unajichubua?"

Nilikata simu. Najua nilikosea kukata, lakini nilikuwa nimeshika simu kwa vidole vilivyopasuka na sikuwa na nguvu ya kujitetea kwa mtu asiyeniona. Kuanzia hapo tukawa tunazungumza habari za watoto tu.

Zahanati walisema ni upele. Tukapewa dawa ya kupaka nyumba nzima, tukachemsha mashuka, watoto wakanuna kwa sababu walipakwa hadi masikioni. Haikusaidia. Nikaambiwa ni fangasi. Nikaambiwa ni damu chafu. Nikaenda kupima virusi, nikakaa kwenye benchi nikiwa nimejifunika khanga kichwani, nikasikia jina langu likiitwa, nikaishika benchi kwa mikono miwili. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa jirani yangu pale, simjui hadi leo, akanishika kiwiko, palepale penye vidonda, bila kukunja uso. "Twende, mwanangu, nakusindikiza mpaka mlangoni." Majibu yalikuwa mazuri. Nilipotoka nimtafute nimshukuru alikuwa ameshaingia chumba kingine. Kati ya yote ya mwaka ule, mkono wa yule mama naukumbuka zaidi.

Mama mkwe wangu aliposikia, alituma mtu anichukue nikae kwake Didia. Nilikwenda nikiwa na hofu, kwa kuwa ni mama wa mume aliyeniudhi. Nikamsalimia, "Shikamoo, mayu," ndiyo mama kwa Kisukuma. Akaitikia marahaba, akanivua nguo zangu zote za mjini, akasema zinanuka duka, akanipa khanga zake mbili kuukuu, zilizokaribia kuwa matambaa ya kuoshea vyombo, laini kama utando wa maziwa. Akanikalisha nyuma ya nyumba, akaniogesha kwa maji ya majani aliyoyachuma mwenyewe. Mbuzi walikuwa wanatutazama.

Nilianza kupona. Wiki ya kwanza maji yakakauka, ya pili nikalala bila kuamka. Sote tukasifu majani. Ndipo jioni moja tukichambua choroko, Mayu, ambaye Kiswahili hukitoa kwa uchache kama chumvi, akaniangalia akasema:

"Milembe. Kikulacho ki nguoni mwako."

Nilielewa mara moja, kama ambavyo wewe ungeelewa. Kuna mtu. Mtu wa karibu, anayenichekea na kunimaliza. Mayu hakutaja jina, na mimi sikuuliza, lakini kichwani mwangu jina lilikuwa limeshakaa. Nilikumbuka lile cheko la barazani. Nilikumbuka aliyeleta majora.

Niseme hili kwa utulivu. Huku kwetu jina la mtu likishatajwa katika habari za kurogwa, halirudi. Wapo bibi vikongwe waliolipia kwa uhai wao macho mekundu tu, macho ya moshi wa kuni. Namshukuru Mungu kwamba kipindi kile sikupenda kuzungumza. Lakini niliporudi Nyahanga nilikuwa napita mbele ya nyumba ya Mama Yusufu bila salamu, nikifikiri moyoni kwamba ananila.

Nikavaa gauni langu, nikafungua kibanda, nikarudi kwenye cherehani. Kabla ya Jumapili kufika nilikuwa nimevimba upya, safari hii hadi midomo.

Ndipo Masanja akaja. Hakuja kwa huruma, tusidanganyane. Alikuja ili aende na mimi hospitali ya Mwanza asikie kwa masikio yake daktari akinikanya kuhusu mkorogo. Tulikaa ndani ya basi kama watu waliokutana stendi. Kliniki ya ngozi ilikuwa imejaa. Ukumbi mzima watu tumejifunika, huyu kilemba, yule skafu, kijana mmoja kavaa glavu za baiskeli. Hakuna anayemwangalia mwenzake. Nilipokaa pale nilijisikia, kwa mara ya kwanza, kwamba nipo nyumbani.

Daktari alikuwa dada mdogo kwa umri, amechoka. Alinishika ngozi, akanigeuza, akaangalia makwapa na kuona kwamba palipoharibika ni palepale nguo inapobana na jasho linapokaa. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza tangu zahanati ya kwanza.

"Mama, unafanya kazi gani?"

Nilipomjibu, aliweka kalamu chini. Akamtuma Masanja akalete vipande vya kila kitambaa ninachoshona. Kumbe hakuhitaji kutumwa mbali, mkoba wangu wa safari ulikuwa umejaa viraka, kama mkoba wa fundi yeyote. Daktari akavikata vidogo, akavilowesha, akavipanga mgongoni mwangu na kuvibandika kwa plasta. Akaweka na kipande cha khanga kuukuu ya Mayu, niliyokuwa nimejifunga. Akasema nisioge, nisijikune, nirudi baada ya siku mbili.

Tulifikia kwa binamu yake Masanja, mlimani, chumba cha bati. Mgongo uliwaka kama nimelalia siafu. Masanja aliketi nyuma yangu na ungo wa kupepetea mchele akawa ananipepea, nami nikamsimulia Didia na maneno ya Mayu kuhusu kikulacho. Nafikiri alikuwa ameanza kuona. Mtu anayejichubua hafungi vitambaa mgongoni akalia.

Tuliporudi daktari akabandua moja moja. Masanja alisimama nyuma yangu, kwa hiyo yeye ndiye aliyeona. Alinieleza kwa sauti ya mtu anayesoma namba za bahati nasibu. "Hii nyeupe, hamna kitu. Khanga ya Mayu, hamna kitu. Ile bluu... aisee. Na bitana. Bitana imetoa malengelenge yenyewe, umbo la mraba kabisa."

Daktari akatueleza kwa kifupi. Rangi nyingine na dawa zinazotiwa kitambaani ili king'ae na kisikunjamane hutoka na kuingia kwenye ngozi, hasa ngozi yenye jasho, na mwili wangu umeshazikataa. Hautasahau. Nguo iliyofuliwa sana huwa imepungukiwa dawa hizo, ndiyo maana Didia nilipona ndani ya khanga chakavu.

Masanja akaanza kucheka. Alicheka hadi akaegemea ukuta, muuguzi akachungulia mlangoni.

"Mayu alisema," akanambia. "Kikulacho ki nguoni mwako. Sisi tukaenda kutafuta mtu!"

Nami nikacheka, kisha nikalia. Nililia kwa aibu, kwa sababu kuna mwanamke nilikuwa nimeshamhukumu moyoni. Halafu nikalia kwa hofu. Hadi siku ile nilikuwa mgonjwa asiyejua ugonjwa wake. Sasa nilijua, na nilichojua ni kwamba kazi yangu, hiyo moja ninayoiweza, ndiyo iliyokuwa inaniumiza. Nilimuuliza daktari kama itabidi niache kushona. Akasema angependa niache. Akaniangalia usoni, akaongeza kwamba kama siwezi, basi kila kitambaa kifuliwe mara kadhaa kabla hakijafika mikononi mwangu, na nisikifue mimi.

Njiani kurudi tulipita Shinyanga. Masanja akasema, "Sisi wachimbaji zebaki tunaijua kwa jina. Tunaishika kwa ujinga wetu, lakini tunajua ni sumu, tumeambiwa. Hii yako nani alikwambia?" Hakuniomba msamaha kwa maneno. Alinishikia mkoba hadi nyumbani, na Masanja hajawahi kushika mkoba wa mwanamke.

Basi nikaanza kuwaambia wateja kwamba kitambaa kitafuliwa kwanza, nikampa binti yangu Kabula beseni. Hapo ndipo nilipojua ugumu. Kila Mtanzania anajua wizi wa mafundi cherehani, kwamba kitenge chako ukikiacha kwa fundi, Jumapili utakiona kimepanda mimbari mgongoni kwa mke wa fundi. Sasa mtu anapewa gauni lake halikakamai, halinuki upya, rangi imepungua kidogo. Ataelewa nini? Mama Yusufu alikuwa wa kwanza. Alilikunjua lake mlangoni, akalinusa kwapani mbele za watu.

"Hili limevaliwa! Mama Kabula, umenivalia nguo yangu!"

"Limefuliwa, mama. Nilikwambia."

"Nguo mpya inafuliwa kwa uchafu gani? Na hayo madonda yako yamegusa humu ndani?"

Wateja waliisha kama maji ya lambo mwezi wa kumi. Kwaya ikahamia kwa fundi mwingine, harusi zikanipita. Nilikuwa nakaa kibandani na ngozi inayopona na cherehani iliyonyamaza, nikijiuliza ipi bora, kuwa fundi anayejikuna au mzima asiye na kazi.

Nilikwenda kwa mwenye duka la vitambaa, mzee mstaarabu ninayemheshimu, nikamuuliza kama anajua kilichomo kwenye ile bluu. Akanionyesha jora. Kulikuwa na maua ya dhahabu, maneno ya lugha nisiyoijua, na urefu wake kwa yadi. "Mama Kabula, mimi nauza rangi na yadi. Kilichomo sikuambiwa na mimi." Sikuweza kumchukia. Baadaye maofisa wa viwango walipokuja kuzungumza na wafanyabiashara na mafundi, nilikwenda, nikanyoosha mkono. Nikasema pakiti ya unga ina tarehe, dawa ya panya ina fuvu la kichwa, lakini shuka linalomkumbatia mtoto usiku kucha halina hata mstari mmoja. Nikaomba vipimwe kabla ya kuuzwa. Na ikichelewa hiyo, basi yaandikwe kwenye jora maneno manne tu ya Kiswahili: fua kabla ya kuvaa.

Mfanyabiashara mmoja akasimama akasema wakipima kila kitu bei itapanda, na mama wa kijijini hatanunua tena hata doti moja kwa mwaka. Ana hoja. Nimeifikiria sana hoja yake, na jibu ninalo nusu tu. Mama wa kijijini ndiye mimi pia, na nguo rahisi niliilipia ghali. Ofisa alisema viwango vipo na kazi inaendelea, lakini mizigo mingine huingia bila kupita mlangoni. Alinisikiliza hadi mwisho, na hilo nilimshukuru. Natumaini iko siku wewe unayesoma utakuta maneno yale kwenye jora.

Mvua zilipokolea maduara ya Nyarugusu yakajaa maji, Masanja akarudi nyumbani. Asubuhi ya pili nilisikia kelele barazani. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, suruali imekunjwa hadi magotini, mbele yake beseni kubwa, anafua kitenge cha mteja. Mbele ya kibanda, kando ya barabara, kweupe. Alipokamua, maji ya bluu yalimwagika hadi mtaroni.

Kwetu Usukumani, mwanamume anayefua vitenge vya wanawake hadharani ni mkutano tosha. Vijana wa bodaboda wakazima pikipiki.

"Masanja, umelishwa limbwata!"

"Limbwata tamu," akawajibu. "Mje mwone uchafu wa nguo mpya. Hii haijavaliwa hata na mbuzi."

Alifua kila asubuhi, akaanika kwenye kamba iliyopita mbele ya mlango, na watu waliokuja kumcheka waliona yale maji. Akabadili maji ya beseni mara tatu, na mara ya tatu bado yalikuwa ya bluu. Mwalimu mmoja akaleta mashuka. Kisha mama wa kikundi cha kwaya akaja. Kidogo kidogo cherehani ikaanza kuzungumza tena, nami nikavaa mikono mirefu ya pamba kuukuu, nikashona.

Mama Yusufu alikuja mchana mmoja wa manyunyu, barabara tupu. Alikuwa amebeba mfuko wa nailoni unaodondosha maji. Hakunisalimia. Akautua mezani, akatoa kitenge kilicholowa.

"Nimekifua mwenyewe," akasema. "Usije ukasema nimekuletea najisi. Na mimi nisije nikasema umekivaa."

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na majibu ya mwaka mzima, nimeyapanga vizuri. Lakini nilichukua futi nikaanza kumpima, kifua, kiuno, urefu. Nilipofika shingoni alikataa kutoa mtandio. Nikamwambia kola haikatwi hewani. Akaulegeza taratibu, akainamisha kichwa, na nikaona. Wekundu kuzunguka shingo nzima, malengelenge yaliyopasuka, na chini ya sikio baka lililopauka, la zamani kuliko la jana, lililopakwa poda kulifunika.

"Usiseme," akanong'ona.

"Sisemi."

"Wataniambia najichubua." Kisha, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mama Kabula, kunawasha hivi mpaka lini?"

Nikamwambia ukweli, kwamba mimi kulinichukua tangu pamba hadi mvua, na usiku ndio mbaya zaidi. Akaanza kulia, amesimama, mikono imeshika mtandio kifuani. Nikaweka futi chini, nikaenda kufunga mlango.